Daktari, kichwa changu hakiachi kuuma

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 34. Tangu usichana wangu, mara mbili kwa mwezi kichwa hunigonga upande mmoja, juu ya jicho la kushoto, hadi natapika na kujifungia chumbani gizani. Lakini tangu mwaka jana kinauma karibu kila siku, kichwa kizima, kama nimefungwa kamba. Kila asubuhi nameza Panadol mbili kabla ya kukalia cherehani, na kikizidi naongeza diklofenaki. Nimepimwa malaria mara nne, sina. Presha ni 118 kwa 76. Majirani wanasema ni macho, mama mkwe anasema ni jini. Naumwa nini?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa ulivyoeleza, huna ugonjwa mmoja tu, na ndiyo sababu dawa moja haikusaidii.

Maumivu ya upande mmoja yanayokutapisha yanaelekea kuwa kipandauso. Mara nyingi hupwita pamoja na mapigo ya moyo, huzidi mtu akipanda ngazi, humfanya asistahimili mwanga wala kelele, na yasipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72. Huandama familia, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huchokozwa na njaa, kukosa usingizi au kukaribia kwa hedhi. Miwani inaweza kukusaidia kutunga uzi kwenye sindano, lakini haitaondoa kichwa kinachotapisha. Mama mkwe usimbishie. Mweleze tu kwamba ugonjwa huu unajulikana hospitalini na una dawa.

Kichwa cha kamba ni kingine. Maumivu yanayobana pande zote mbili bila kutapisha, ambayo mtu huweza kuendelea na kazi akiwa nayo, mara nyingi huambatana na kukaza kwa misuli ya shingo na mabega, na fundi huinamia sindano kutwa nzima. Kama yangekuja mara mojamoja, ningekushauri uinue kiti, upumzishe shingo kila baada ya muda, nami ningeishia hapo. Lakini yanakuja karibu kila siku, na hapo ndipo ninapovitilia shaka vidonge vyenyewe.

Hebu hesabu pamoja nami: viwili kila asubuhi ni vidonge 60 kwa mwezi. Mtu mwenye kipandauso akimeza parasetamoli (ndiyo hiyo Panadol yako) au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kuzaa maumivu: akimeza yanalegea, dawa ikiisha mwilini yanarudi, naye anameza tena. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye kafeini, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kumfikisha hapo. Inaniuma kwamba wengi wanaonijia na tatizo hili hawakuwahi kuonywa.

Tiba ni kuviacha, na sitakudanganya kwamba ni rahisi, kwani siku za mwanzo, pengine hadi kumi, kichwa huuma kuliko awali kabla ya kuanza kutulia. Usianze Idi ikikaribia na mishono imerundikana. Chagua wiki tulivu, na umwone daktari kwanza, kwa sababu anaweza kukuandikia dawa ya kuzuia, kama amitriptilini ya usiku au propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi. Baadaye, kipandauso kikianza kugonga, meza mapema parasetamoli, au ibuprofeni baada ya kula ikiwa huna vidonda vya tumbo wala ujauzito, na isizidi siku mbili kwa wiki. Ukiona vimulimuli kabla ya maumivu, mweleze mhudumu wa uzazi wa mpango, maana vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa mtu wa namna hiyo.

Usisubiri hata siku moja ikiwa kichwa kimelipuka ghafla kuliko wakati wowote, au kimekuja na homa na shingo ngumu, degedege, mkono kulegea au maneno kukwama. Vivyo hivyo kwa mjamzito aliyepita wiki 20 anayeona ukungu, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Ukienda kwa daktari, chukua lile daftari unaloandikia vipimo vya wateja. Kuanzia leo, katika ukurasa wa mwisho, andika tarehe, upande unaouma, saa ulipoanza kuuma na idadi ya vidonge ulivyomeza.