Maswali ya Wasomaji: Boti Ndogo Ifike Umbali Gani Ziwani?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Igombe, wilayani Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nimenunua boti ya mbao yenye urefu wa mita 6 na injini ya nguvu za farasi 15, na nakusudia kuvua sangara kwa ndoana nikiwa na kijana wangu mmoja. Nimepima mwenyewe nikaona kwamba lita 20 za petroli zinaendesha injini kwa saa 3 na nusu, na maji yakiwa shwari boti inakwenda kilomita 20 kwa saa, yaani jumla ya kilomita 70. Nikigawa mara mbili napata kilomita 35 za kwenda na 35 za kurudi. Wenzangu mwaloni, pale boti zinapoegeshwa na samaki kushushwa, wamenicheka, lakini hakuna aliyenipa namba nyingine. Je, boti kama yangu isivuke kilomita ngapi kutoka ufukweni?
Msomaji, Igombe

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Waliokucheka wangekufaa zaidi kama wangekaa nawe wakakuonyesha hesabu ilipopinda, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kupima mafuta yako kabla ya kuyategemea. Kosa lako ni moja tu: umeichukulia safari ya kurudi kuwa sawa na safari ya kwenda.

Boti inayokwenda kilomita 20 kwa saa kwenye maji shwari haiwezi kushika mwendo huo inapokabiliana na upepo na mawimbi. Nahodha mwenye busara hupunguza moto ili boti isipigwe na kuchota maji, na mara nyingi hubaki na kilomita 8 kwa saa au pungufu ya hapo. Injini iliyopunguzwa moto hunywa mafuta pungufu, lakini ni salama kuhesabu kana kwamba inakunywa kama kawaida. Tuchukue basi kwamba unakwenda kwa 20 na kurudi kwa 8. Kwa saa zako 3 na nusu, umbali wa mwisho ambao mafuta yatakurudisha ni kilomita 20, na utafika mwaloni tangi likiwa kavu. Ukitenga theluthi moja ya mafuta kuwa akiba isiyoguswa, kama ilivyo desturi ya mabaharia wengi, unabaki na kilomita 13 tu. Hiyo ni chini ya nusu ya namba uliyoipata, na bado sijagusa hali ya hewa.

Upepo wa upande wetu huu wa kusini una hila ambayo mgeni wa ziwa haitambui mpaka imkute. Usiku na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana jua likishapasha ardhi hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huzidi nguvu na kuuongezea upepo wa asubuhi. Sasa simama ufukweni Igombe asubuhi kama hiyo: maji yaliyo mbele yako yametulia kama maji ya beseni, kwa kuwa upepo unatoka mgongoni mwako na haujapata nafasi ya kuyainua. Mawimbi yanahitaji nafasi ili yakue. Kila kilomita unayokwenda mbele unauongezea upepo uwanja wa kufanyia kazi, na kwa kuwa unasafiri nao, husikii ukali wake, wala huoni mapovu meupe vizuri, kwani wimbi linalokuacha linakuonyesha mgongo laini. Siku utakapogeuza boti ndipo utakapojua umefika wapi.

Mimi mwenyewe niligundua hayo mwezi Agosti, miaka mingi iliyopita, nilipotoka Kayenze na wenzangu wawili kufuata nyavu. Tulikwenda tukipiga soga kwa muda usiozidi dakika 40, na kurudi kulituchukua saa 3, mmoja wetu akikumba maji kwa kopo bila kupumzika. Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo nakushauri uyachukue: kila baada ya robo saa ya kwenda, geuza boti uelekee nyumbani, uendeshe kwa dakika 3 au 4, kisha uulize mwili wako na boti yako kama mko tayari kwa safari nzima ya namna hiyo. Ukiona maji yanarushwa ndani, au mapovu meupe yametapakaa kila upande badala ya kuonekana hapa na pale, huna haja ya kufikiri zaidi, endelea na njia hiyo hiyo mpaka mwaloni.

Jambo la pili ni wingu la radi, na hilo ndilo linalofupisha umbali kuliko mafuta. Tuseme umeona wingu jeusi umbali wa kilomita 20, nalo linasogea kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao si wa ajabu. Una nusu saa. Dakika 10 zitaishia katika kukusanya ndoana na kuwasha injini, hasa kama ni ile ya kuvutwa kwa kamba mara sita kabla haijakohoa. Dakika 20 zilizobaki zinakupa kilomita 6 na ushee ikiwa maji bado ni shwari, na hazikupi hata kilomita 3 ikiwa mawimbi yameshaamka. Kumbuka pia kwamba upepo wa wingu hutangulia mvua, kwa hiyo anayesubiri matone ndipo aondoke amechelewa. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa 3, nawe utapata kilomita kati yako na radi. Lakini nakuomba uhesabu huku ukiwa tayari safarini kurudi, kwa sababu ngurumo inayosikika iko karibu vya kutosha.

Kwa hiyo, kwa kuwa umeomba namba, nitakupa yangu: boti iliyo wazi ya mita 6, yenye injini moja, isiwe zaidi ya kilomita 4 au 5 kutoka kwenye kimbilio, na hapo ni siku ambayo anga ni safi na mawimbi ni madogo. Nimesema kimbilio wala sikusema nyumbani. Anayevua karibu na kisiwa cha Bezi anaweza kuwa mbali na Igombe lakini akawa karibu na upande wa kisiwa uliokingwa na upepo, naye yuko salama kuliko aliye karibu zaidi na kwake lakini mbele yake pana mawe na mawimbi yanayovunjika. Kabla ya kutoka, jua upepo utavuma kutoka wapi na ni upande gani wa kisiwa utakaokuwa na kivuli cha upepo.

Utajuaje kwamba umefika kilomita 4 bila kifaa? Ukiwa umekaa kwenye boti, macho yako yakiwa takriban mita 1 juu ya maji, upeo wako wa macho uko umbali wa kilomita 3 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mchanga wa ufukweni utazama chini ya mstari wa maji wakati vilima na mawe makubwa ya Mwanza bado yanaonekana vizuri. Vilima huwadanganya watu kwa kuonekana karibu. Angalia ukingo wa maji: ukiupoteza, umefika mpaka wako.

Sasa injini ikizimika. Makasia mawili yataisogeza boti penye utulivu, lakini mbele ya upepo mkali wa kutoka bara hayatakufikisha popote, na kila dakika unayohangaika na plagi unasukumwa kuelekea ziwa kuu. Hapa Victoria ametujalia jambo ambalo wenzetu wa Kigoma hawana: Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ilhali ziwa letu lote halizidi mita 85 hivi, na karibu na pwani ya Mwanza ni pungufu sana ya hapo. Nanga inashika karibu kila mahali utakapovua. Tatizo ni kwamba boti nyingi zina kamba ya mita 15 au 20, ambayo inatosha kufungia boti mwaloni tu. Chukua kamba ya mita 100 na uifunge mbele ya boti, kamwe usiifunge nyuma penye injini, maana wimbi litaingilia huko. Kamba ikiwa na urefu wa mara 3 hadi 5 ya kina, nanga italala na kushika, boti itauelekea upepo, nawe utapata utulivu wa kushughulikia injini. Angalia kwanza propela, maana magugu maji hujisokota hapo na kumfanya mtu adhani injini imekufa.

Mwisho, mpime kijana wako, ndoana, barafu na mafuta kwa pamoja. Boti ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri, weka kiwiko kwenye usawa wa maji katikati ya ubavu, na ncha za vidole zisiuzidi ukingo. Ubavu ulio chini ya dhiraa hiyo moja, au jaketi okozi likikosekana kwa mmoja wenu, basi hata kilomita 1 ni nyingi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninafanya biashara ya dagaa kati ya Ukerewe na Mwanza, na mara nyingine tunapanda boti za mbao alfajiri kwa kuwa tunaambiwa saa hizo ziwa limelala. Je, ni kweli? Nasi tusipotoka mbali na visiwa, kuna hatari gani?
Mama mfanyabiashara, Nansio

JIBU: Marahaba, mama. Alfajiri huwa na utulivu siku nyingi, lakini si katika majira ya mvua. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi, ndiyo maana dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane hadi asubuhi, wakati zile za nchi kavu hupenda alasiri. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, ukiona umeme unawaka ziwani kabla ya kupanda, ngoja jua litoke ulione anga lote.

Kuhusu ukaribu, sote tunakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha katika chombo kilichoruhusiwa kubeba watu 101. Gati lilikuwa linaonekana. Kwa hiyo uliza kwanza chombo kimeruhusiwa watu wangapi, uhesabu mwenyewe, na magunia uyahesabu pia, kwani gunia halilalamiki lakini lina uzito. Jaketi livae na ulifunge ungali gatini, maana likiwa limekaliwa chini ya mizigo halitapatikana.

SWALI: Programu ya simu yangu inaonyesha upepo wa 20. Niamini?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Angalia kwanza ni 20 za nini. Nyingine huonyesha kilomita kwa saa, nyingine maili za baharini kwa saa, na 20 za aina hii ya pili ni kilomita 37 kwa saa, upepo ambao ukivuma boti ndogo ibaki ufukweni. Kumbuka pia kwamba namba hiyo ni wastani, na vishindo vya upepo huizidi kwa nusu yake au zaidi. Utabiri wa Ziwa Victoria unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unakufaa zaidi kwa kuwa umeandaliwa kwa ajili ya ziwa lenyewe. Usikilize jioni, uusikilize tena kabla ya kutoka, kisha umwachie mtu mwaloni saa unayotarajia kurudi, na simu yako uifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni ikiwa imejaa chaji.