Herufi mbili nilizojifunza Guangzhou

Swali la wiki hii, "Ni mji gani wa ugenini uliokushangaza siku ya kwanza, na kwa lipi?", limenirudisha Guangzhou, kusini mwa China, nilikokwenda na marafiki zangu wawili kufuata vitambaa vya mapazia. Sote tuna maduka Kariakoo.

Wengi wakiulizwa habari za Guangzhou husimulia maghorofa. Ni kweli yapo, na Mnara wa Canton, wenye mita 600, usiku hubadilika rangi kando ya Mto Zhujiang mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Lakini kilichonishika siku ya kwanza ni kwamba sikuweza kusoma. Nimefika kidato cha sita, hesabu za duka naziandika mwenyewe, na pale nilisimama mbele ya ukuta mzima wa maandishi nisiambulie hata neno moja. Duka la dawa au la rangi za kucha, hujui mpaka uchungulie ndani. Simu inatafsiri, ndiyo, ila siku hiyo laini zetu zilikuwa hazijakamata mtandao.

Kwenye treni za chini ya ardhi hatukutaabika. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi tulizozoea, na kila njia ina rangi yake: ya kwanza njano, ya tano nyekundu. Tukazishika rangi. Hapo ndipo aliponijia bibi yangu mzaa mama. Bibi alianza kisomo cha watu wazima miaka ile ya Mwalimu, lakini watoto na shamba vikamzidi, akaacha kabla hajajua kuandika jina lake. Alipohamia kwetu Dar es Salaam, daladala alizitambua kwa mstari wa rangi ubavuni, na asipokuwa na hakika humwuliza konda kwa sauti, "Mwanangu, hili laenda wapi?" Mimi, msichana wa sekondari, nilikuwa naona haya. Nilikuwa najitenga naye hatua mbili tatu, nionekane siko naye. Hilo linaniuma mpaka leo. Guangzhou ilikuwa zamu yangu kuwaonyesha watu karatasi ya hoteli na kungoja waninyooshee kidole. Mama mmoja mwenye mwavuli wa jua aliacha safari yake akatufikisha mpaka kwenye kona yenyewe. Hakusema kitu, alitabasamu tu akageuka.

Sokoni mambo yalikuwa mepesi. Katika soko la vitambaa la Zhongda muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, anakugeuzia, unafuta unaandika yako, anatikisa kichwa, anaandika nyingine. Asubuhi nzima tulipatana hivyo bila kusemezana, na mzigo ukapatikana.

Kazi ilikuwa chakula. Mmoja wetu ni Mwislamu, mtu wa Tanga, na nguruwe kule yumo katika vyungu vingi. Mtanzania mwenzetu tuliyemkuta Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, akatufundisha herufi mbili zinazosomwa qingzhen. Moja ni "safi", nyingine ni "kweli". Ndivyo Wachina wanavyoandika halali. Alituchorea nyuma ya risiti. Ya kwanza ina vitone vitatu upande wa kushoto, navyo ni alama ya maji. Ya pili niliiona kama kabati la rafu lililosimama juu ya miguu miwili. Jioni ile nzima nilikuwa nazichora kwa kidole pajani.

Kesho yake zikatufikisha kwenye mgahawa mdogo wa tambi. Kijana mwenye kofia nyeupe alilivuta donge la unga upana wa mikono yake, akalikunja, akalivuta tena, akalipiga mezani paa! mpaka likawa nyuzi nyembamba, akazitupa kwenye maji yanayochemka. Bakuli likaja na mchuzi wa ng'ombe na majani ya giligilani juu yake. Rafiki yetu wa Tanga alikula kwa utulivu wa mtu aliyefika nyumbani.

Usiku wa mwisho mvua ilitukuta mtaa tusioujua, simu zimekwisha chaji, njaa inauma. Wenzangu walikwisha anza kusema turudi tukalale hivyo hivyo. Ng'ambo ya barabara, katikati ya mabango yaliyosongamana, nikaviona vile vitone vitatu, na kabati langu pembeni yake.

"Pale," nikawaambia, nikatangulia kuvuka.