Kabla ya Kuagiza Divai Mkahawani, Ishike Chupa Kwanza

Mwezi uliopita nilionja divai nne nyumbani kwangu Ntinda, na moja kati ya hizo nikakutana nayo tena mkahawani siku chache baadaye, mwaka uleule wa mavuno, kwa bei iliyokaribia mara tatu ya ile niliyolipa dukani. Nyumbani ilikuwa divai nzuri. Mkahawani ilikuwa imekwisha kufa. Nimeona niyaandike haya kwa sababu wengi wetu hapa Kampala tumeizoea divai ukubwani, na tunapomiminiwa kitu kibaya katika bilauri nzuri huwa tunadhani kasoro ni ya ulimi wetu, tunanyamaza, tunalipa.

Nianze na ile nyeupe, Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Asili ya mzabibu huo ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, lakini leo hakuna aina nyingine iliyopandwa kwa wingi kuliko huo katika Afrika Kusini, na hiyo ni sababu mojawapo ya divai yake kupatikana kwetu kwa bei ya wastani. Niliyoionja ilinukia pera lililoanza kuiva na maganda ya chungwa, na ilikuwa na ugwadu safi unaoamsha mate. Tuliinywa pamoja na ngege (samaki aina ya sato) wa kukaanga aliyekamuliwa limau, ikafaa, ila iliponishangaza zaidi ni pale mke wangu alipoinywa na matooke yaliyomwagiwa mchuzi wa karanga. Mafuta ya karanga hutanda ulimini na kuufanya mzito, na ugwadu wa divai ile uliyakata kabisa, hata kila tonge likawa kama la kwanza.

Nyekundu ya kwanza ilikuwa Pinotage, na hapa naomba nikae kidogo. Mzabibu huu ulizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, pale mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipochanganya aina mbili za mizabibu, Pinot Noir na Cinsaut. Pinotage ikiwa bado changa mara nyingi hutoa harufu ya ndizi mbivu, na wageni wengi huiona ajabu hiyo katika kinywaji cha zabibu. Haina ajabu: hamira inapochachusha maji ya zabibu huzalisha kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo ndiyo hiyohiyo inayoipa ndizi iliyoiva harufu yake. Mimi nilipoinusa nilikumbuka Ankole, nilikopelekwa nikiwa kijana kuona tonto, pombe ya ndizi, ikitengenezwa: ndizi mbivu zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, kisha unaongezwa unga wa mtama, na ukiinama juu ya gogo hilo siku ya pili harufu inakupanda puani kwa nguvu. Anayeijua harufu hiyo hahitaji kufundishwa Pinotage na mtu yeyote.

Ya tatu ilikuwa Malbec, nyekundu nyingine, ya Mendoza, Argentina. Ilikuwa laini, nzito, yenye kunukia plamu, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ya nne aliileta shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayefanya kazi Dodoma. Ilikuwa divai nyekundu ya zabibu za Makutupora. Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuilaza, na kwa miaka mingi nilizijua divai za huko kwa utamu wake tu. Hii ilikuwa kavu, yaani isiyo tamu, yenye ukakasi wa kutosha, na nilipoionja peke yake nilihisi ufizi umekauka. Shemeji akaniambia nisubiri mbuzi atoke motoni. Alisema kweli. Ukakasi hutokana na tanini, kemikali zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuuacha mdomo mkavu. Mtu akiwa na nyama yenye mafuta mdomoni, tanini hizo hupata kitu kingine cha kushika, na divai iliyokuwa kali inalainika. Mbavu za mbuzi na Makutupora ile vilimalizika kwa pamoja.

Basi kabla shemeji hajaondoka tulitaka kumwandalia chakula cha jioni cha heshima, tukachagua mkahawa mmoja wenye sifa, ambao sitautaja. Nilikuwa nimemwahidi luwombo, kitoweo cha Kiganda kinachopikwa kikiwa kimefungwa katika jani la mgomba, kwa kuwa hakuwahi kuila. Luwombo ya kweli huja mezani ikiwa bado imefungwa katika jani la mgomba, inafunguliwa mbele yako, na ule mvuke wa kwanza wenye harufu ya jani lililobabuliwa motoni ndio nusu ya chakula chenyewe. Tuliletewa sahani yenye kuku wa kuchemsha aliyemwagiwa mchuzi, na chini yake kipande cha jani kimetandikwa kama kitambaa. Jani lilikuwa bichi, la kijani kibichi kabisa. Halikuwahi kuona moto. Shemeji alikula kwa adabu, akasema ni tamu. Niliumia kwa ajili yake.

Mke wangu aliagiza bilauri moja ya divai nyeupe. Ilikuwa na rangi ya chai hafifu na ilinuka tofaa lililopondeka, na kwa mbali siki. Tulipomuuliza mhudumu chupa ilifunguliwa lini, alisema jana, kisha juzi, kisha akaenda kuuliza akarudi na jibu la kweli: Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi niliagiza Pinotage ileile. Ilikuja ikiwa imekwisha funguliwa, na nilipoishika chupa ilikuwa vuguvugu kama kikombe cha maziwa ya mtoto. Niliomba niletewe kizibo. Kilikuwa na mchirizi mwekundu uliopanda kutoka chini hadi juu, ishara kwamba divai ilipata joto, ikapanuka na kujipenyeza pembeni ya kizibo, na hewa nayo ikapata njia ya kuingia. Harufu ya ndizi haikuwapo tena. Palikuwa na harufu ya jamu iliyochemka mno na zabibu kavu. Nilipogeuka nikaziona chupa zote zimesimama kwenye rafu juu ya mashine ya kahawa, chini ya taa.

Meneja alikuja, akanieleza kwa heshima kwamba divai nyekundu hunywewa katika joto la chumba. Kanuni hiyo tumeirithi kutoka nyumba za Ulaya za zamani zilizokuwa na baridi, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18 za selsiasi. Chumba chetu jioni ile kilikuwa na nyuzi 26 hivi, na katika joto hilo kileo hutangulia puani, na mengine yote hujificha nyuma yake. Hakuiondoa kwenye bili. Bili yenyewe iliongezwa kodi ya asilimia 18 na ada ya huduma, mambo ambayo menyu iliyataja kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwisho.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu, nami nakusihi uujaribu. Omba kuiona na kuishika chupa kabla haijafunguliwa. Ikiwa vuguvugu, uliza kama kuna nyingine iliyohifadhiwa mahali pa baridi. Ikiwa ina joto la chumba tu, omba ndoo ya maji na barafu, uitie humo dakika 10 hadi 15, hata kama ni nyekundu, na wasikutishe wanaokutazama. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukitaka bilauri moja tu, uliza siku iliyofunguliwa, na ikiwa imepita siku tatu chagua kinywaji kingine. Uonje kidogo kwanza, maana kurudisha divai baada ya kunywa nusu chupa ni vigumu, na si haki kwa mwenye mkahawa. Kifuniko cha kuzungusha huiepusha divai na kasoro inayoletwa na kizibo kibovu, inayoifanya inuke kama boksi lililolowa, ila dhidi ya joto la rafuni hakisaidii kitu.

Na unapolalamika, mkumbuke mhudumu. Mara nyingi ni kijana ambaye hajawahi kupewa hata tone la kile anachokiuza. Nilichojifunza ni kumwambia, "Ndugu yangu, hebu inuse nawe," kisha nimpe bilauri. Yule wa jioni ile aliinusa, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakujua kuwa inaweza kuharibika.

Nyumbani nako tujirekebishe. Juu ya friji, mahali ambapo wengi wetu tunaziweka chupa kama pambo, ni mahali pa joto. Laza chupa za kizibo kabatini, chini, mbali na jiko.

Jumapili, siku moja kabla ya safari ya shemeji, mke wangu na shangazi yake waliamka mapema, wakababua majani ya mgomba juu ya makaa mpaka yakalainika, wakafunga kuku na uyoga, wakavitokosa kwa mvuke juu ya matooke hadi saa saba mchana. Chenin ilikuwa imetoka kwenye friji. Shangazi akaliweka fungu mbele ya shemeji, akafungua kamba, na shemeji akaweka bilauri chini akainamia ule mvuke, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama jani nalo linaliwa.