Nilivyoacha Kuogopa Macho ya Watu: Tanga, Kariakoo na Ndani ya Mwendokasi

"Kaka, shikamoo. Naomba uniambie ukweli, ulitumia nini mpaka ukaacha kuona aibu mbele za watu?"

Ujumbe huu umetoka kwa mdogo wetu mmoja wa Morogoro. Amemaliza chuo, ameitwa kwenye usaili, na sauti ikamkauka kabla hata hajataja jina lake. Alikuwa ameona video za harusi niliyosherehesha Mbezi Beach mwezi uliopita, ile ambayo wazee wa pande zote mbili waliishia kucheza wamevua viatu. (Walionipigia simu baada ya hapo kutaka tarehe, vumilieni, Desemba imejaa.) Najua wengi mnaosoma hapa mnataka anachokitaka yeye: kushika kipaza sauti, kusimama, kuongea, na kulipwa. Kwa hiyo nawajibu wote.

Sikutumia kitu. Wala sikuzaliwa hivi. Sekondari nilikuwa yule anayejua jibu lakini hanyooshi mkono. Kilichonitoa huko ni kazi moja ya chuo, somo la sosholojia, na hasa Mmarekani mmoja anaitwa Harold Garfinkel.

Garfinkel alifundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1967 alichapisha kitabu ambamo anaeleza kazi za ajabu alizokuwa anawapa wanafunzi wake. Aliwatuma warudi makwao, na kwa muda wa kati ya dakika 15 na saa nzima wajifanye wapangaji: waongee kwa adabu ya mgeni, wasijiingize kwenye mambo ya familia, wasiseme mpaka wasemeshwe. Basi. Hakuna kutukana, hakuna kuvunja sahani. Lakini nyumba ziliwaka moto. Wazazi walihoji kama mtoto anaumwa, kama amefukuzwa kazi, kama amepatwa na nini. Adabu tu, na watu wakagombana.

Niliposoma hivyo nikasema hii naipeleka Tanga.

Likizo ilipofika nikasimama mlangoni kwetu, nikapiga hodi. Mama alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. "Karibu... ah, wewe nawe, unapiga hodi kwenu?" Nikaamkia, nikabaki nimesimama. Nikasema, "Samahani mama, kama haitakuwa usumbufu, naomba maji ya kunywa." Mtungi uko palepale, mkono unafika. Akacheka, akaendelea kukuna. Nikauliza kama naruhusiwa kukalia kile kigoda. Kicheko kikaisha. Mkono ukasimama kwenye nazi, chicha zimemganda vidoleni, akanitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Nani kakuudhi humu ndani?"

Angalieni hapo. Mzazi wa Los Angeles alidhani mtoto anaumwa. Mama yangu alidhani yeye ndiye kanikosea, maana kwetu mtu akizidisha adabu ghafla ujue kanuna. Jioni ile nilipikiwa wali wa nazi na samaki changu bila kuomba, nikabembelezwa kama mkwe. Na kabla sijapata nafasi ya kueleza, shangazi alikuwa ameshapigiwa simu, ameshafika, na ameshatoa hukumu: asomewe, na anyweshwe kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa.

Nilipoeleza kwamba ni kazi ya chuo, mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Shangazi hakucheka. Mpaka leo hajacheka. Kwenye harusi ya binamu yetu, mimi niko mbele na kipaza sauti, ukumbi mzima unanishangilia, yeye alikuwa anamwambia jirani yake wa meza, "Mnamwona huyo? Vitabu vilimchanganya, lakini alipona." Niliambiwa baadaye. Inauma kidogo, sitadanganya. Nimeshasherehesha harusi za watu wakubwa nisiotaka kuwataja, lakini kwa shangazi mimi ni mgonjwa aliyepata nafuu.

Tuendelee. Nilichojifunza Tanga ndicho ninachotaka kukuambia wewe wa Morogoro: ukivunja mazoea, watu hawaanzi kwa kukuchukia. Wanaanza kwa kukutafutia sababu. Anaumwa, kanuna, kalewa, ana msiba, anauza kitu. Yale macho unayoyaogopa, mengi yanatafuta jibu la swali hilo tu.

Chukua salamu. Garfinkel aliwaagiza wanafunzi wake wakiulizwa hali, waulize hali ya nini: afya, fedha, masomo? Mmoja alimjibu hivyo rafiki yake, na rafiki akawa mwekundu, akafoka kwamba alikuwa anajaribu tu kuwa mstaarabu na hali yake haimhusu. Kwetu nilijaribu jepesi zaidi. Unajua sisi hata nyumba ikiungua tunajibu "nzuri" kwanza. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa." Nzuri inatangulia, msiba unafuata. Mimi nikaamua kuanza na ukweli. Mlinzi wa hosteli akaniuliza habari za asubuhi, nikamwambia, "Mbaya." Akanyamaza. Akarudia swali, "Habari za asubuhi?" kana kwamba mashine imekwama na inahitaji kuzimwa na kuwashwa. Nikarudia, "Mbaya." Akavuta kiti cha pili, akakipangusa, akaniambia, "Kaa. Sema." Sikuwa na la kusema! Nilikuwa na usingizi tu. Ikabidi nikae pale kusikiliza matatizo yake yeye, ya shamba na mdogo wake, mpaka jua likawa kali.

Kariakoo ndiko kulikonipa mtaji hasa. Garfinkel aliwatuma wanafunzi wake kwenye maduka ya bei isiyoshuka, waombe punguzo. Kwa Wamarekani hilo ni jambo la fedheha, wengi walitetemeka, wengine wakakimbia kabla. Waliothubutu wakashangaa kuona mara nyingine punguzo linapatikana, na baadhi wakasema wataendelea hivyo. Kwetu hiyo si kazi, mtoto wa darasa la tatu anajua. Kwa hiyo nikageuza. Nikaingia duka moja Mtaa wa Congo, nikashika shati, nikauliza bei. "Elfu 25, lakini kwako tunaongea." Nikamwambia, "Hapana, hiyo ndogo. Nitakupa elfu 30."

Jamani. Yule kaka aliachia hanga. Akanitazama usoni, akatazama mlangoni, akanitazama tena. "Unasemaje?" Nikarudia. Akaitwaa ile noti ya kwanza, akainyanyua kwenye taa, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba, akamwita mwenzake wa duka la pili aje aihakiki. Wakaniuliza kama shati ni la kwangu au nimetumwa. Mwisho akakataa katakata ile ziada. Akaniuzia kwa elfu 20, chini ya bei yake mwenyewe, na akanisindikiza hadi nje, nadhani ahakikishe naondoka. Shati lile ninalo bado, nalivaa kwenye kitchen party za mchana.

Somo kwa mzungumzaji? Usijieleze. Nilisimama pale kimya, nikaona watu wazima wawili wanahangaika kutengeneza sababu kwa niaba yangu. Ukijieleza haraka unawanyang'anya kazi hiyo, na unajionyesha unaogopa. Simama. Tulia. Usijieleze.

Na hili silisemi kwa mdomo wangu tu. Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Kimarekani, yule mwenye majaribio ya shoti za umeme pale Chuo Kikuu cha Yale, aliulizwa na mama mkwe wake kwa nini vijana wa New York hawawapishi watu viti. Naye akataka kujua: je, ukiomba? Miaka ya 1970 akawatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi wamwombe abiria kiti bila kutoa sababu yoyote. Wengi wa wanafunzi walikataa kabisa. Mmoja aliyejitolea kuomba mara 20 alirudi na 14, akisema ni moja ya mambo magumu kabisa aliyowahi kufanya. Lakini matokeo: karibu asilimia 68 ya abiria walisimama au walisogea. Na walipoongeza kisababu dhaifu, kwamba siwezi kusoma kitabu changu nikiwa nimesimama, ikashuka hadi karibu asilimia 42. Umeona? Bila sababu abiria anapigwa butwaa, au anadhani una shida kubwa usiyoweza kuitaja. Ukishataja kitabu, ameshajua huna shida. Usijieleze.

Milgram mwenyewe alipojaribu, maneno yalimkwama kooni. Alipopewa kiti akajikuta anainamisha kichwa, uso umempauka, kama mgonjwa kweli. Sikuamini mpaka siku niliyopanda Mwendokasi pale Kimara, asubuhi, basi limeshiba. Nikamsogelea kijana wa rika langu, begi mapajani. "Samahani kaka, naomba nikae hapo." Akavua spika za masikioni. "Unaumwa?" Nikasema, "Hapana, naomba tu." Alinyanyuka! Nikakaa, na bila kupanga, mkono wangu ukaenda tumboni, nikafumba macho, nikawa nahema kama mtu aliyetoka wodini. Mama mmoja aliyekuwa ameshika nguzo akasema kwa sauti, "Mbona mzima huyu?" Mwingine akamjibu, "Huwezi kujua ya mwenzio." Wakaanza kunijadili, kambi ya mzima na kambi ya mgonjwa, mpaka Magomeni. Niliteremka kabla ya kituo changu. Lakini nilipoteremka, kitu fulani kilikuwa kimekatika ndani yangu. Ukumbi wa watu mia tano wanaosubiri keki utanifanya nini, kama basi zima limenijadili na nimetoka na miguu yangu?

Ripoti ya yote haya niliiandika kwa moyo wote. Mhadhiri akanipa C, na pembeni wino mwekundu: "Mzaha." Waliokopi nukuu za kitabu kama zilivyo walipata A. Sitaki kulizungumzia sana, ila C hiyo naikumbuka kila nikipokea malipo ya awali.

Sasa kijana, nikuambie kitu. Unakaa ndani unasoma orodha za mbinu za kujiamini, unajirekodi kwenye simu unafuta, huku nje kuna konda, muuza duka na mlinzi wanaokupa mazoezi bure. Toka! Salimia daladala zima ukiingia. Watadhani wewe ni mhubiri au unauza dawa ya meno, mmoja atashika pochi, mwingine atageukia dirishani, na hakuna zaidi ya hapo. Anza na kinachokugharimu wewe peke yako. Usiguse shikamoo ya mtu mzima, usilete vichekesho msibani, wala usijaribu lolote benki au mbele ya mwenye bunduki, huko watu hawakutafutii sababu. Ukimaliza, pale inapowezekana, mwambie mtu ulichokuwa unafanya, asiende nyumbani na mashaka. Na katikati, nimeshasema, usijieleze.

Dada zangu mtaniuliza kama kwenu ni hivyohivyo. Si hivyohivyo, na nalisema kwa sababu nimeliona. Mdogo wangu wa kike alitaka kujaribu ile ya kiti, nikapanda naye nikiwa nimesimama mbali kidogo. Aliyemwomba hakuuliza kama anaumwa. Alinyanyuka haraka, akapangusa kiti kwa leso, akasimama mbele yake ameshika bomba, na kufika Ubungo akaomba namba ya simu. Alipoambiwa haiwezekani, akadai kiti chake, tena kwa sauti, na nusu ya basi ikaona ana haki. Mdogo wangu hakunyanyuka. Alitazama mbele, hakujieleza, mpaka Kivukoni. Mwaka huu ndiye anayepokea wageni kwenye shughuli zangu, na ada yake, mjue mapema, hailipwi kwa mkopo.