Marathoni kwa mtu wa Malindi: achana na saa, sikiliza pumzi

Ratiba nyingi za mazoezi ya marathoni tunazotumiana kwenye simu zimeandikwa na watu wanaoamka kwenye baridi. Zinakwambia Jumanne ukimbie kilomita 8, kila moja kwa dakika tano na nusu. Alhamisi hivi, Jumapili vile. Mtu wa Malindi akiifuata ratiba hiyo mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi umekatika na nguo imeshamganda mwilini kabla hajafika Silversands, ataishia kuumia au kujiona mvivu. Wala si mvivu. Kasi anayodaiwa ni ya hewa ya watu wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwanariadha wa kujifurahisha. Sina nishani yoyote zaidi ya ile anayovishwa kila anayefika mwisho. Lakini nimekimbia nusu marathoni na marathoni nzima, za huku pwani na za bara, na wanawake wenzangu wananiuliza sana waanzie wapi. Jibu langu huwa moja: anzia kwenye pumzi. Saa ya mkononi ivae ukitaka, ila isiwe ndiyo inayokuendesha.

Sababu ni hii. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho lenyewe halipozi. Kinachopoza ni kukauka kwake. Hewa yetu imejaa mvuke wa bahari, kwa hivyo jasho linachuruzika mpaka kwenye soksi bila kukauka. Hapo moyo unakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kupeleka damu kwenye misuli ya miguu, na kupeleka damu kwenye ngozi ili joto lipate kutoka. Mapigo yanapanda hata kama mwendo haujabadilika. Ukilazimisha kasi ya mtu wa Iten, ule mji wa wanariadha wa milimani, katika hali hiyo, mwili utakulipisha tu.

Anayedhani haya ni visingizio vya watu wa pwani akumbuke Doha mwaka 2019, mashindano ya dunia ya riadha. Marathoni ya wanawake ilianzishwa saa sita usiku kasoro dakika moja ili kulikwepa jua, na bado joto lilikuwa nyuzi 30 na ushei, unyevunyevu umepita asilimia 70. Sisi hali hiyo tunaijua, ndiyo hali yetu. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Mkenya mwenzetu aliyetwaa dhahabu alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali Januari ya mwaka huohuo alikimbia Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Bingwa wa dunia, na joto limemla robo saa nzima! Wiki mbili baada ya Doha, tarehe 12 Oktoba, Eliud Kipchoge, bingwa wetu wa marathoni, akakimbia masafa hayohayo Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waandaaji walikuwa wametenga siku kadhaa mfululizo ili wachague asubuhi ya baridi. Kipchoge mwenyewe anachaguliwa hewa, sembuse wewe na mimi tunaowahi kengele ya shule.

Basi pumzi inapimwaje? Mimi nakimbia na shoga yangu ambaye hadithi zake haziishi: arusi ya nani imevunjika, nani kajenga ghorofa, nani kamwoza binti. Tukiwa kwenye mbio ndefu za Jumapili, hadithi inatakiwa iende bila kukatika. Akianza kusema maneno mawili, anapumua, maneno mawili, anapumua, tunapunguza. Hatubishani. Kuna siku tunajikuta tunakwenda polepole hata wazee wanaotoka msikitini wanatupita kwa baiskeli, na hiyo ni sawa kabisa. Mazoezi mengi ya wiki yawe ya namna hiyo. Siku moja tu ndiyo ya kukata pumzi, na siku hiyo nayo iwe fupi. Ukikimbia peke yako, jisemee sentensi nzima kwa sauti. Watu watakutazama, lakini wanakutazama tayari.

Nayo habari njema ni kwamba joto linazoeleka. Mtu akikimbia kwenye joto kila siku au karibu kila siku kwa wiki moja hadi mbili, mwili unajipanga: majimaji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema, na moyo unatulia kidogo kwa kazi ileile. Ndiyo maana sikushauri uhamie kwenye mashine ya mazoezi ya hoteli yenye kiyoyozi. Kimbia nje, alfajiri, polepole.

Kuhusu njia: tuna barabara na tuna ufukwe, na kila kimoja kina wakati wake. Barabarani sisi huelekea upande wa Lamu mpaka daraja la Sabaki na kuendelea njia ya Mambrui, au upande wa Gede. Kaa upande wa kulia ili magari yaje mbele ya macho yako, maana matatu ya alfajiri haina subira na bodaboda wengine hawawashi taa. Ufukweni ni kuzuri zaidi kwa magoti, ila lazima ujue maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri na kutoka mnamo saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Siku hizo nenda barabarani. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, alfajiri ndipo maji yako chini, na ingawa hayaendi mbali, unapata ukanda wa mchanga mgumu wa kutosha. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo siku chache tu zinabadili mpango wote. Usiyejua, muulize mvuvi. Hakuna programu ya simu inayomshinda.

Ufukwe una mteremko pia. Mguu wa upande wa bahari unakanyaga chini kuliko mwenzake, na ukizidisha utasikia maumivu kiunoni. Nenda na urudi palepale ili miguu ipokezane. Kukimbia peku kuna raha yake mpaka ukanyage vikoko vya mivinje.

Sasa maji ya kunywa, na hapa naomba nisikilizwe. Watu wengi wa kwetu wanaamini kwamba ukinywa maji mengi ndiyo salama. Si hivyo. Jasho linatoka na chumvi. Ukimimina maji matupu lita kwa lita huku unakimbia saa nne, chumvi ya damu inashuka, na hali hiyo inaweza kumwangusha mtu na hata kumuua. Dalili zake zinafanana na za kukaukiwa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa; kisha mwenzako akikuona hivyo anakuongeza maji! Kunywa kwa kiu. Mbio zikizidi saa moja na nusu, weka chumvi mahali fulani. Madafu ni matamu, nami ni mtu wa madafu, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hivyo tia chumvi kwa ncha za vidole. La sivyo nunua duka la dawa pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, uchanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ladha yake haina wa kuisifu.

Chakula cha njiani kwangu ni tende. Wataalamu wanasema mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa katika mbio ndefu, na tende moja ya kawaida ina gramu 5 au 6 hivi, basi hesabu yake ni nyepesi: kwa uchache tano au sita kwa saa, moja moja, na maji funda moja. Zile jeli za vipakiti zinazouzwa Nairobi zinafaa pia, ila bei yake inaumiza. Toa kokwa nyumbani. Usiache kazi hiyo ifanywe na meno yako kilomita ya 28. Mimi huzifunga kwenye pindo la leso iliyochakaa, nalichomeka kiunoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 sijaona kitu bora kuliko pindo la leso. Zijaribu kwanza mazoezini. Tumbo likiwa halijazoea, siku ya mbio ndilo litakalokusimamisha, si miguu.

Wanawake wenzangu wananiuliza mavazi. Baibui linabaki nyumbani, lakini stara haibaki. Suruali pana nyepesi, fulana ndefu ya mikono, na mtandio wa kitambaa kinachokauka upesi. Pamba inapendeza, lakini ikishalowa jasho inakuwa nzito na inachubua. Paka mafuta ya mgando kila panaposuguana: mapajani, chini ya sidiria, kwapani, na pale mtandio unapogusa shingo. Wanaume nao wapake kwenye chuchu, wasione haya. Nimeona fulana nyeupe zenye mistari miwili ya damu na wenyewe wamejikaza tu. Maneno ya watu yatakuwepo. Mama yangu mpaka leo anauliza tunamkimbia nani.

Viatu vya mitumba ni sawa kama unajua kuvichagua. Bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka pembeni: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa, hata kama juu kinang'aa. Chukua kilichozidi kidogo mbele ya vidole, maana miguu huvimba.

Mbio za bara zina mambo yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kila pumzi unayovuta kule ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Malindi. Mashindano makubwa ya Nairobi, yaliyoanza 2003, kwa kawaida hukimbiwa Oktoba, alfajiri. Mtu wa pwani anasimama pale na baridi inamdanganya. Jasho halipo, miguu mepesi, anaondoka mbio. Kufika kilomita ya 12 kifua kinawaka na haelewi kwa nini. Kwa hiyo ile kanuni ya hadithi ndiyo ya kushika huko kuliko popote: kilomita 10 za mwanzo, kama huwezi kuongea na jirani yako, punguza, hata kama watu elfu wanakupita. Utawakuta.

Makocha husema ama ufike kule siku moja kabla ya mbio, ama ukae wiki mbili na zaidi uzoee. Mwalimu gani ana wiki mbili? Mimi hupanda basi la usiku Ijumaa, Jumamosi nachukua namba na kulala mchana, Jumapili nakimbia. Ndani ya basi nyanyuka kila linaposimama. Na usisahau sweta ya mitumba ya bei ya chini kabisa, uivae kwenye mstari wa kuanzia na kuivua ukishapata joto. Sisi baridi hatuiwezi, tusijifanye.

Lewa ni habari nyingine. Mbio zile zimekuwa zikifanyika tangu 2000 ndani ya hifadhi ya wanyama, kaskazini ya Mlima Kenya, mita 1,700 hivi, kwenye barabara ya vumbi, helikopta ikizunguka juu kuangalia tembo wasikaribie. Ada yake si ya mshahara wa mwalimu, lazima utafute wafadhili. Ugumu wake mkubwa si kilima. Marathoni nzima ni mzunguko wa nusu uliokimbiwa mara mbili, kwa hivyo katikati ya safari unawaona wa nusu wameshavishwa nishani na wanakula ndizi, nawe inakubidi uendelee. Wengi huachia hapo. Amua kabla hujaanza kwamba pale utatazama chini, utakula tende yako, na utahesabu hatua mia.

Ramadhani huwa sifukuzii kitu. Nusu saa ya polepole kabla ya magharibi, maji yako karibu, basi. Mbio ndefu zinangoja Shawwal.

Mwisho, baada ya mbio. Usimeze dawa za kuzuia maumivu jamii ya ibuprofen kabla ya mbio wala njiani, kwani mwili uliopungukiwa maji na dawa hizo pamoja ni mzigo kwa figo. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, au usipoupata kabisa mpaka jioni, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kurudi Malindi. Kushuka ngazi kutakuwa kwa kinyumenyume kwa siku mbili tatu; wanafunzi wangu wananicheka na mimi nawaacha. Wiki ya kwanza tembea tu. Kucha iliyokuwa nyeusi usiivute, itadondoka yenyewe, na ya chini yake inakuwa imeshaanza kuota.