Barua kwa mwanangu: fedha za utafiti uzitafute wapi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tororo. Baba yako na wadogo zako hawajambo, na wote wanakusalimu. Barua yako nimeipata na swali lako nimelielewa: mradi wa Marekani uliokuwa ukilipia kemikali za maabara yenu umefungwa, wewe umekwisha kupata shahada ya uzamivu na umeajiriwa kuwafundisha kemia vijana watakaokuwa walimu wa sekondari, na sasa wataka kujua mhadhiri kijana aanzie wapi kutafuta fedha za utafiti, na kama ni busara kuiacha kazi yako ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika karanga ili ufuate mada ambazo wafadhili wanazitangaza. Kwa kuwa maisha yangu ya kazi niliyamaliza katika ofisi ya hesabu za miradi ya utafiti, nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakipita mezani pangu.

Nianze na lile la pili, kwa sababu ndilo linalonipa wasiwasi. Usiliache swali lako. Niliwaona wasomi wenye akili nyingi ambao mwaka huu waliomba fedha za malaria, mwaka uliofuata za nishati ya jua, na mwaka wa tatu za mabadiliko ya tabianchi, na kila mara andiko lao la kuomba fedha lilirudishwa kwa sababu ile ile: hawakuwa na matokeo ya awali ya kuonyesha. Anayelipima andiko lako hutaka kwanza kujua kama umekwisha kuigusa kazi unayoiombea fedha. Wewe umeigusa tayari. Na swali lako si dogo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani kabla ya masharti mapya kuwekwa. Kwa hiyo jambo moja unalolichunguza ni la afya, ni la kilimo, ni la biashara ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa unafundisha walimu, ni la elimu pia. Unaweza kulipeleka kwa wafadhili wa aina nne bila kuligeuza swali lenyewe. Kinachobadilika ni upande unaoutanguliza unapoandika.

Sasa hali ya fedha zenyewe. Yaliyoipata maabara yenu yamewapata wengi. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, tarehe 1 Mei mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, zikatangaza kwamba hazitatoa tena ruzuku zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje mpaka utaratibu mpya utengenezwe, na tarehe 1 Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, likafungwa rasmi. Utafiti wa afya Uganda ulikuwa umeegemea sana upande huo. Kabla yake tulikuwa na Waswidi, ambao tangu mwaka 2000 waligharimia masomo ya uzamivu ya wahadhiri wengi wa Makerere, na baadaye vyuo vingine vya umma vikaingizwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi tulitegemea. Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Uganda haijafika hapo, na nasema wazi kwamba nchi inayowaachia wageni wachague magonjwa na mazao ya kuchunguzwa inawaonea wasomi wake na wakulima wake pia. Lakini wewe unataka kufanya kazi mwaka huu, kwa hiyo turudi kwenye milango iliyopo.

Ushauri wangu ni uanze na fedha ndogo zitakazotolewa kwa jina lako mwenyewe, kabla ya kukimbilia mradi mkubwa ambao utakuwa jina la saba katika orodha. Mtafiti mkuu wa ruzuku ndogo hujifunza kila kitu: kuajiri msaidizi, kununua, kuandika ripoti, kujibu mkaguzi. Jina la saba hujifunza kukusanya sampuli.

Mlango wa kwanza ni wa fedha za ndani, za vyuo vyetu wenyewe. Serikali ilipotoa shilingi bilioni 30 kwa Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere, Mak-RIF, katika mwaka wa fedha wa 2019/2020, ilionekana kwamba fedha za ndani zinawezekana, na kwamba wahadhiri waliokuwa hawajawahi kupata ruzuku yoyote wanaweza kuisimamia. Mfuko ule ni wa Makerere, lakini timu zake huwa na washirika kutoka nje ya chuo, na wewe unawajua wenzako wa kitivo cha kilimo kule. Halafu kaulize katika ofisi ya utafiti ya chuo chenu kama kuna fungu lolote la mwaka, hata likiwa dogo kiasi cha kununulia sampuli na kemikali za mwanzo tu. Wengi hawaulizi, na fungu hurudi hazina bila kuguswa.

Mlango wa pili ni RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika vinavyofundisha kilimo, ulioanzishwa mwaka 2004 na vyuo kumi, na ambao makao yake yapo hapo hapo Makerere. Ruzuku zao za utafiti nilizipenda kwa sababu moja: mhadhiri huomba fedha, lakini ndani ya fedha hizo lazima awe na wanafunzi wa shahada ya uzamili, kwa kawaida wawili, wanaosoma kwa kuifanya kazi ile ile. Kwako wewe hii ni njia nzuri mno. Mwanafunzi mmoja angechunguza jinsi karanga zinavyohifadhiwa kwa wakulima, mwingine angepima zile zilizokwisha kufika sokoni, na wewe ungebaki na swali zima mkononi. Uliza kama chuo chenu ni mwanachama aliyelipa ada yake, maana nimeona andiko zuri likianguka kwa sababu hiyo tu.

Mlango wa tatu ni wa wanawake wanasayansi, na nakusihi usiudharau kwa kuona haya. OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea yenye makao yake Trieste, Italia, ina ufadhili kwa wanawake waliomaliza uzamivu na kurudi kufanya kazi katika taasisi za nchi zao. Tangu 2018, kwa msaada wa shirika la utafiti la Kanada, IDRC, umekuwa ukitoa hadi dola 50,000 kwa mtu mmoja ili ajenge kikundi chake cha utafiti nyumbani. Katika mji huo huo kuna TWAS, akademia iliyoanzishwa mwaka 1983 na mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistani, ambayo nayo hutoa ruzuku kwa watafiti wa sayansi za msingi, kemia ikiwamo.

Kwa upande wa elimu, ukitaka kuchunguza jinsi walimu wako wanavyoweza kufundisha habari za sumukuvu katika maabara za shule zisizo na vifaa, fuatilia KIX, mpango wa kubadilishana maarifa na ubunifu wa elimu, ulioanzishwa na Ubia wa Kimataifa wa Elimu pamoja na IDRC mwaka 2019, ambao Uganda ni miongoni mwa nchi zake. Pia Spencer Foundation ya Chicago hutoa ruzuku ndogo za utafiti wa elimu zisizozidi dola 50,000, na mwenye shahada ya uzamivu aliye nje ya Marekani anaruhusiwa kuomba. Ulaya kuna Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia utafiti, wa miaka 2021 hadi 2027, ambamo vyuo vya Uganda vinaweza kulipwa moja kwa moja. Ila hapo huendi peke yako, kwa kuwa lazima kuwe na angalau taasisi tatu za Ulaya au za nchi zilizojiunga na mpango huo. Hiyo iache mpaka uwe na kazi ya kuwaonyesha.

Tangazo la ruzuku lisome kama unavyousoma mkataba. Anza na masharti ya anayestahili kuomba, kabla hujavutiwa na kiasi cha fedha: umri, miaka tangu kupata uzamivu, nchi, aina ya taasisi, nani anatia saini. Saini ya chuo ndiyo inayochelewesha watu wetu. Mkuu wa chuo husafiri, barua hukaa masijala, na mlango wa mtandaoni hufungwa usiku kwa saa za Ulaya. Mpelekee karatasi mapema, na uende mwenyewe kuzifuata. Na mtu yeyote akikutaka ulipe ada ili andiko lako lipokelewe, achana naye. Wafadhili hawa niliokutajia hawatozi ada ya kuomba.

Bajeti ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Vifaa vya kupimia sumukuvu huagizwa kutoka nje na bei yake huandikwa kwa dola, lakini ruzuku yako huenda ikaja kwa yuro na chuo kikaipokea kwa shilingi. Acha nafasi ya kupanda kwa dola, ya ushuru, na ya gharama za benki. Weka umeme, kwa sababu sampuli zilizo kwenye friji haziwezi kungoja umeme urudi. Weka pia sehemu ya chuo ya gharama za uendeshaji, kama mfadhili anaruhusu: Horizon Europe hulipa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, na wengine hawalipi kitu. Usipoiandika, chuo kitaichukua kutoka kwenye kemikali zako.

Nikupe mfano ulio karibu nawe. Utakwenda masokoni kununua karanga, kilo hapa, kilo pale. Mama anayeuza hana kitabu cha risiti, na mwendesha bodaboda aliyekupeleka hana pia. Wengi hurudi fedha zimekwisha na hawana karatasi yoyote, kisha huanza kutafuta risiti za kubandika. Wewe tayarisha hati za malipo kabla ya safari: tarehe, jina la aliyelipwa, soko, namba ya simu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, alichouza au njia aliyokupeleka, na saini au dole gumba, kwa bodaboda ongeza namba ya pikipiki. Ukilipa kwa simu, nakili ujumbe wa malipo siku ile ile. Katika taasisi moja niliyofanya kazi, mkaguzi alikataa karatasi nzima ya malipo ya washiriki kwa sababu saini za watu wa vijiji viwili zilikuwa za mwandiko mmoja, na fedha zile zikarudishwa kwa mfadhili, ingawa kila mtu alijua kwamba watu wale walilipwa na kazi ilifanyika. Mtafiti mkuu hakupata ruzuku nyingine kutoka huko. Masurufu uliyochukua yarejeshee hesabu mara tu urudipo, kwa maana chuo hakitakupa mengine kabla ya hapo, na mwanafunzi wako atakaa bila kazi.

Kama utawahoji wauzaji na wakulima, utahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha usajili wa utafiti kwenye Baraza lenyewe. Ada zake ziingize katika bajeti na muda wake katika ratiba; ruzuku ya mwaka mmoja huweza kuliwa na miezi ya kungoja kibali kabla hujanunua hata karanga moja.

Na siku mshirika wa ng'ambo atakapokuandikia, mpokee kwa heshima, lakini kabla ya kukubali muulize mambo haya kwa maandishi: sampuli zitapimwa wapi, takwimu zitahifadhiwa na nani, nani ataandika makala ya kwanza, na mashine ikinunuliwa itabaki wapi. Sampuli zikitoka nchini lazima kuwe na makubaliano ya kuzihamisha yanayopitia Baraza. Ningependa zaidi mashine ije kwenu. Mhadhiri anayeuliza hivi hafukuzwi na mshirika mwema, na yule atakayekasirika ni heri umjue mapema.

Kwa sasa andika kurasa mbili tu: swali lako, ulichokwisha kukipata, utakachokifanya kwa mwaka mmoja. Mpe mwenzako mmoja wa kemia na mmoja asiyejua kemia wakusomee. Kisha tengeneza bajeti ya ruzuku ndogo, uambatanishe bei ulizopewa na wauzaji wa vifaa, unitumie kabla hujampelekea mhasibu wa chuo. Nitaipitia mstari kwa mstari na kukurudishia wiki hiyo hiyo.

Akupendaye,
Mama yako