Barua kwa mwanangu: sikio lako na mashine yetu

Mwanangu,

Jana simu ilipokatika nilishukuru kimoyomoyo, maana jibu sikuwa nalo. Umeniuliza: "Baba, nikiacha uhasibu nikasomee ufundi wa magari, utaniona nimepotea?"

Nimeligeuza usiku kucha. Alfajiri nikakumbuka ulipokuwa darasa la sita. Mashine yetu ya kusaga ilikuwa imewashinda mafundi wawili, huyu anasema pistoni, yule anasema nozeli, na wote hela wamekula. Ukasimama mlangoni na sare za shule, debe la mahindi kichwani: "Baba, mbona ikiwa tupu hailii, ukitia mahindi tu ndiyo inalia?" Kumbe mkanda umelegea, unateleza kwenye puli. Sikukusifu hata. Nilikutuma chumvi.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nikakuchagulia uhasibu kwa kuwa hesabu ulipata B, na kwa kuwa nilitaka na mimi niwe na mtoto wa ofisini. Hilo ni langu, simsingizii mama yako.

Ila kupenda kitu na kukiweza ni mambo mawili. Kaka yako anaupenda mpira kuliko yeyote mtaani, lakini mpira wenyewe haumjui. Kwa hiyo sikuulizi unapenda magari kiasi gani. Nakuuliza hivi: kutwa nzima chini ya gari, grisi kwenye kucha, boliti imeshika kutu na haitoki, utachoka au utasahau kula? Tafuta gereji hapo Dodoma, omba japo kuosha vipuri, Jumamosi nne. Mshahara usiuache kwanza.

Ukiona unasahau kula, vyuo vya ufundi vya VETA vipo, vyeti vyao ni ngazi tatu, na hata aliyejifunzia gereji wanampima ujuzi wake wakampa cheti. Uhasibu nao hautakwenda bure. Nimeona mafundi hodari wakifunga gereji kwa kuwa hawajui hela ya vipuri ni ipi na ya kwao ni ipi.

Mashine tangu Jumatatu inatoa moshi mweusi. Chujio la hewa nimeshalisafisha, bado. Fundi anataka 80,000 ndipo aje kuifungua. Sijamjibu, nasubiri wewe uniambie unadhani ni nini.

Baba yako